Mtungi Haujamwotesha Mtu Ndevu

Ijumaa moja nilikuwa kwetu Hulugho, Kenya, kwenye kibanda cha chai cha eedo yangu, dada wa marehemu baba. Mpwa wangu wa Kidato cha Tatu alikuwa akinionyesha kwenye simu video ya Sara Samir, yule binti wa Misri aliyeingia ukumbini na hijabu yake kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, akanyanyua vyuma, akaondoka na medali ya fedha. Meza ya pili alikaa mzee mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita adeer, yaani ami, shavu moja limejaa miraa. Akanyoosha shingo, akatazama, akaguna.

"Huyo kizazi chake kimeshakufa," akasema. "Mwanamke hakuumbiwa vitu vizito. Akishika vyuma anageuka mwanamume."

Anayasema hayo, nyuma yake mkewe anapita kutoka bwawani na mtungi wa lita 20 mgongoni, amejikunja kama herufi.

Sikujibu. Kwetu mtu hamkosoi adeer wake mbele ya watu, na chai ya eedo si ya kumwagwa kwa hasira. Lakini maneno yale nimerudi nayo Garissa, nimelala nayo, nimeamka nayo, na safu hii haina adeer wala eedo.

Tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi uliojaa ni kilo 20, na plastiki yenyewe huongeza kama kilo moja. Sasa ile fimbo ndefu ya chuma wanayonyanyua wanawake kwenye Olimpiki, kabla haijavishwa sahani hata moja, ina kilo 15. Chuma ambacho adeer anahofia kitamwotesha mwanamke ndevu ni chepesi kwa kilo tano kuliko maji yaliyopikiwa chakula chake cha jana.

Kama kilo 15 zinamgeuza mtu mwanamume, basi hizi kilo 20, mara nne tano kwa siku, tangu msichana ana miaka kumi, zingekuwa zimefanya nini? Hulugho ingekuwa mji wa mashababi watupu. Bibi harusi angepelekwa kwa kinyozi kwanza ndipo apakwe hina. Mimi nimezaliwa huko, nimebeba huo mtungi mpaka nilipopata nafasi ya bweni, na kidevu changu ni hiki hapa.

Na maji ni sehemu tu. Aqal, nyumba ya wahamaji wetu, ni kazi ya mwanamke toka mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye anayepinda fito, yeye anayesuka mikeka ya kuezekea, yeye anayeisimamisha. Siku ya kuhama anaibomoa, anaifunga kamba, anaipakia juu ya mnyama, na huko waendako anaisimamisha upya jua likiwa bado kali. Ongeza kuni. Ongeza mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Katika miaka yangu yote sijasikia mtu akisimama kuonya kwamba fito za aqal zinaharibu kizazi. Sijasikia kwamba mzigo wa kuni unamtoa mwanamke kwenye uanawake wake. Kinyume chake, huyo ndiye anayesifiwa: mke wa fulani ni mchapakazi, ana mgongo wa chuma.

Mgongo wa chuma ni sifa, mkono ulioshika chuma ni aibu. Mnanielewa? Mzigo ukiwa wa nyumba ya mume, mwanamke ana nguvu za ngamia. Mzigo ukiwa wa faida ya mwili wake mwenyewe, nusu saa, siku mbili kwa wiki, ghafla anakuwa yai. Uzito haujabadilika hata gramu moja. Kilichobadilika ni anayefaidika nao.

Turudi kwenye kizazi, maana hiyo ndiyo hoja yao kubwa, na mimi naipenda kwa sababu ni dhaifu kama uzi wa buibui. Wanawake wa Hulugho wananyanyua vizito tangu enzi za mabibi wa mabibi zetu. Hebu nenda shule yoyote ya msingi kule asubuhi, uhesabu vichwa darasani. Hao watoto wameshuka na mvua? Tena wenye elimu ya mwili wanasema tofauti na adeer. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wote, wake kwa waume, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na hata mama mjamzito asiye na tatizo la kiafya hakuachwa nje. Kinachomwumiza mwanamke ni kuinuliwa kitandani siku chache baada ya kujifungua na kurudishwa kwenye mtungi, arobaini haijaisha, kwa sababu wanaume wa nyumba hiyo hawajui njia ya bwawani. Hilo halina fatwa.

Na habari ya kugeuka mwanamume: misuli minene inategemea sana homoni ya testosteroni, ambayo mwanamume anayo mara nyingi zaidi ya mwanamke. Waulize vijana wa Garissa wanaopiga vyuma kila jioni na kumeza mayai mabichi, miaka mitatu sasa, na mashati yao bado yanapepea. Wao wenye homoni yao inawashinda, wewe eti utavimba kwa bahati mbaya kwa kunyanyua mara nane.

Nina sababu nyingine ya kukasirika, nayo ni ayeeyo, bibi yangu mzaa mama. Huyu alibeba, akajenga, akabomoa, mpaka nywele zikawa nyeupe. Kisha sisi wajukuu tukapata mishahara tukaona aibu. Tukamjengea nyumba ya mabati, tukanunua punda wa kuleta maji, tukamkalisha kwenye mkeka na birika la chai yenye sukari. Akitaka kuinuka, watu watatu wanamdaka. Tuliita heshima. Tulimpumzisha hadi miguu ikasahau kazi yake. Miaka michache baadaye alijikwaa akienda kutia udhu, umbali wa hatua sita, nyonga ikavunjika.

Mfupa ni kama mchungaji: usipopewa kazi hulala. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa yake hupungua uzito kwa kasi, na mojawapo ya dawa chache zisizouzwa dukani ni kuibebesha mzigo, kidogo kidogo, kwa mpango. Hatukujua. Tulichojua ni kutafuta gari la kumpeleka Garissa katikati ya mvua, na anayeijua barabara ya Hulugho wakati wa mvua hahitaji nimwelezee. Gari lilikwama mara mbili. Ayeeyo alikuwa amelala nyuma juu ya godoro, anasoma Yasini kwa sauti ndogo, na sisi tunasukuma tope lililotufika magotini. Kila uchaguzi tunaahidiwa lami. Mabango ya kuahidi lami yamekuwa mengi kiasi kwamba tungeyalaza chini tungepita juu yake. Lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Nisiseme wa mjini ndio wamefungua macho. Binamu yangu yuko Eastleigh, analipia jimu yenye saa za wanawake, mlango umefungwa, mambo safi. Nikamwuliza unanyanyua kilo ngapi? Akanionyesha picha: vyuma viwili vya rangi ya waridi, kilo mbili kila kimoja. Mwalimu wake alimwambia asizidishe, atapoteza umbo la kike. Kilo mbili! Mkoba wake una chaja, chupa ya uturi na Korani ndogo. Ni mzito kuliko vyuma hivyo. Binti ambaye mama yake alibeba mtungi ameuziwa kwa pesa nyingi uzito wa pakiti ya unga. Adeer wa Hulugho na mwalimu wa Eastleigh hawajawahi kuonana, lakini ukiwaweka meza moja wataelewana kabla chai haijapoa.

Najua wataniletea dini. Hapo ndipo wanapopenda kukimbilia wakiishiwa. Basi nami nina masikio, nimesoma chuo cha Korani kama wao. Nusayba binti Kaab alisimama vitani Uhud na upanga mkononi akimkinga Mtume, akatoka na majeraha mwilini. Upanga haukuwa wa plastiki. Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume mwenyewe. Na ile hadithi ya Muumini mwenye nguvu kuwa bora kuliko dhaifu sikuisikia ikibagua ndevu na mitandio.

Au ni mavazi? Hilo nalo lina jibu. Mwaka 2011, Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan na shahada ya uzamivu ya uhandisi, alizuiwa kushindana kwa kuwa alitaka kufunika mikono na miguu. Hakuvua. Aligombana na waliomzuia hadi shirikisho la kimataifa la unyanyuaji likabadilisha kanuni mwaka huohuo, na akashindana kwenye mashindano ya dunia amejisitiri. Miaka mitano baadaye, kule Rio, Sara Samir akiwa na umri wa miaka 18 alipata shaba. Paris akarudi akapata fedha, jumla ya kilo 268. Katika mnyanyuo mmoja aliinua kilo 151 juu ya kichwa. Hiyo ni mitungi saba iliyojaa, adeer, na hijabu haikusogea.

Hapa Kenya tunaye Hellen Wawira, ambaye kwa ulemavu wa miguu hunyanyua akiwa amelala kwenye benchi, na mwaka 2022 alituletea shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Birmingham. Wangapi wamemsikia? Mkimbiaji akishinda tunafunga barabara ya uwanja wa ndege.

Sasa nisikilize wewe dada wa Hulugho, wa Sangailu, wa Masalani, unayesoma hii kwenye simu ya mtu. Usingoje jimu. Mtungi ni jimu. Tena ni jimu yenye akili, kwa sababu unaupunguza na kuuongeza lita kwa lita, na kila lita ni kilo. Tia lita tano au nane. Uweke kati ya miguu, miguu upana wa mabega. Sukuma makalio nyuma kama unayetafuta kigoda gizani, mgongo unyooke, shika mpini kwa mikono miwili, kisha isukume ardhi kwa visigino usimame. Usiuvute kwa kiuno. Ndivyo tulivyofundishwa wote, na ndiyo maana zahanati imejaa wanawake wenye mgongo. Mara nane, pumzika, rudia, pumzika, rudia. Siku mbili au tatu kwa wiki, nyuma ya ua, mlango umefungwa. Mara nane zikiwa rahisi, ongeza lita moja. Wiki ukiwa mgonjwa, punguza bila aibu. Aliyejifungua juzi au mwenye presha amwone muuguzi kwanza.

Utaniambia, lakini mimi tayari nabeba kila siku. Ndiyo, unabeba uchovu. Uzito uleule, mgongo umepinda, upande mmoja, tumbo tupu, bila siku ya kupumzika. Hakuna mnyanyuaji wa Olimpiki anayefanyishwa hivyo. Angevunjika ndani ya mwezi. Tofauti kati ya mazoezi na utumwa iko kwenye mpango na mapumziko, na mapumziko ndiyo sehemu ambayo waume zetu hawajawahi kuipigia hesabu. Ukimwambia mumeo leo ni siku yako ya kupumzisha misuli, mwangalie uso.

Eedo alianza na lita sita baada ya Idi. Yuko katikati ya miaka hamsini na magoti yalikuwa yamemshinda, anaswali kwenye kiti cha plastiki. Rakaa 17 za faradhi kila siku, na hakuna iliyomfikisha paji la uso ardhini. Alinicheka nilipomfundisha. Wafanyakazi wa kibandani walimcheka zaidi. Amefika lita 14 sasa, na kile kiti kimerudi kibandani, wateja wanakikalia. Anasujudu, anainuka, haugusi ukuta.

Adeer ndiye aliyekuwa amekikalia Ijumaa ile.

Nitarudi Hulugho mwezi ujao, inshallah, na nitakuja na chuma cha kilo 15 kwenye buti la gari. Nitakiweka mbele yako, adeer, mbele ya kibanda, watu wote wakitazama. Lakini usikiguse bado. Kwanza chukua mtungi, uende bwawani, umletee mkeo maji ya siku moja. Ukirudi, kama bado una pumzi, utuambie mwanamke hakuumbiwa nini.