Maji ya kiwanda ni amana, yapimwe wala yasikisiwe

Ndugu msomaji, siku chache kabla ya Ramadhani niliitwa Mfaranyaki, hapa hapa Songea mjini, kwa mama mmoja anayetengeneza juisi ya ukwaju na ya rozela katika vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Alitaka niombe dua ya kufungua msimu, maana juisi yake hununuliwa sana wakati wa futari. Nilikuta mahali pasafi: vigae vimesuguliwa, wasichana wamefunika nywele, chupa zimepangwa kifudifudi juu ya meza ya bati, na nje tanki la plastiki la lita 2,000 limekaa juu ya mnara wa matofali. Ukutani lilining'inia daftari la maji. Nililifungua bila nia mbaya. Safu ya tarehe, safu ya klorini, safu ya sahihi. Kila siku kwa muda wa miezi miwili iliandikwa 0.5, na yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja.

Nikamwuliza kijana wa zamu kipimo kiko wapi.

“Vidonge vya kupimia viliisha, Ustaadhi. Lakini dawa tunatia, kijiko kimoja kila tukijaza.”

“Na hii 0.5 umeitoa wapi?”

“Ndiyo inayotakiwa.”

Jibu lile halijanitoka moyoni mpaka leo. Kijana yule si mwongo kwa tabia. Huswali safu ya mbele. Ameambiwa kwamba bwana afya akija atataka kuona 0.5, naye akaandika kinachotakiwa. Hakufikiri kwamba tarakimu ile ni ushahidi, na kwamba aliyeiandika amewashuhudilia watu asiowajua kuwa maji wanayokunywa yana ulinzi.

Tuieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaisikia klorini kama harufu tu ya bomba. Klorini ikitiwa katika maji huanza kuliwa na uchafu uliomo: udongo, majani yaliyooza, chuma, vijidudu. Kinachosalia baada ya uchafu kula fungu lake ndicho kinachoitwa klorini huru iliyobaki, na hicho ndicho kinachoyalinda maji yanapokaa na yanapopita katika mpira na ndoo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba baada ya nusu saa ibaki angalau miligramu 0.5 katika kila lita, maji yasiwe na ualikali mwingi, na yafikapo kwa mtumiaji isipungue miligramu 0.2. Kiwango cha juu cha kunywa ni miligramu 5 kwa lita. Kwa hiyo 0.5 ya daftarini ni kitu kinachosomwa majini baada ya kusubiri, nacho hakiwezi kujulikana kwa kuhesabu vijiko.

Tuchukue tanki la yule mama. Akitaka kutia miligramu 2 kwa lita katika lita 2,000, anahitaji gramu 4 za klorini halisi. Poda inayouzwa madukani, ikiwa mpya, huwa na klorini kiasi cha asilimia 65, hivyo atapima gramu 6 na kidogo. Ikiwa maji yana uchafu wa kula miligramu moja na nusu, itabaki nusu miligramu, na mambo yametimia. Lakini poda ile ile ikikaa miezi katika mfuko uliofunguliwa, karibu na jiko, hupoteza nguvu. Ikishuka hadi asilimia 35, kijiko kile kile kinatoa miligramu moja tu kwa lita, uchafu unaila yote, na ulinzi unakuwa sifuri. Kijiko hakikubadilika, kijana hakubadilika, daftari halikubadilika. Kilichobadilika hakionekani kwa macho.

Wako watakaosema kwamba maji ya bomba la Songea huja yakiwa yameshatiwa dawa na mamlaka ya maji, basi kuna haja gani ya kuhangaika? Hoja hii ina nusu ya ukweli. Maji yanaweza kufika mlangoni yana klorini ya kutosha, lakini yakikaa siku tatu katika tanki lililopigwa na jua, lenye tope chini na mfuniko uliopasuka, klorini ile hutoweka. Maji hukatika, na bomba tupu huweza kuvuta uchafu palipo na nyufa. Isitoshe, wengine huchanganya ya bomba na ya kisima pindi mahitaji yanapozidi. Tena msimu wetu wa mvua wa Novemba hadi Aprili huyachafua maji, na maji yenye tope hula dawa nyingi huku yakivificha vijidudu ndani ya chembe zake. Maji ya namna hiyo hutuama kwanza na kuchujwa ndipo yatiwe dawa. Kumwaga dawa juu ya tope ni kuipoteza.

“Lakini juisi tunaichemsha,” alinikumbusha yule mama, na kweli alikuwa anauchemsha ukwaju vizuri. Nikamwomba twende hatua kwa hatua. Maji ya kupunguzia uzito yanatiwa baada ya kuchemsha, yakiwa baridi. Chupa zinasuuzwa kwa maji ya tanki. Mikono inanawiwa hapo hapo. Barafu ya kupozea inatoka katika maji yale yale. Basi moto ulioua vijidudu katika sufuria hauna habari na vile vinavyoingia kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia nyumbani mwako, ndugu msomaji. Mtu aliyefunga tangu alfajiri, tumbo tupu, koo kavu, kitu cha kwanza anachokipokea baada ya tende ni bilauri ya juisi baridi. Anapewa mtoto aliyejaribu kufunga nusu siku, anapewa bibi, anapewa mjamzito. Chupa 300 zikitoka kiwandani alasiri, kufikia magharibi zimekwisha kunywewa katika nyumba 100, na hakuna wa kuzirudisha. Nchi yetu haihitaji kukumbushwa kwa mifano ya mbali. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar, na ilipofika Aprili 2016 waliougua walikuwa wamepita 20,000, mamia wakafariki. Kijidudu cha kipindupindu ni dhaifu mbele ya klorini. Kinachokipa nafasi ni klorini kutokuwepo.

Kuna jambo moja la kifiqhi ambalo nimeona linawachanganya watu, nami nadhani sisi wasomeshaji tunabeba sehemu ya lawama. Tumewafundisha watoto kuyajua maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Tumewafundisha pia kwamba maji yakifika kula mbili, ambazo hukadiriwa kuwa kiasi cha lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka moja ya sifa hizo igeuke. Hayo ni sahihi na yatabaki kuwa sahihi katika mlango wa tahara. Lakini mtu akisimama mbele ya tanki la lita 2,000, akaona maji meupe yasiyo na harufu, akatoa fatwa kwamba yanafaa kuuzwa yanywewe, ameitoa hukumu nje ya mlango wake. Tahara inakuruhusu kutawadha. Usalama wa kunywa ni suala la kuhifadhi nafsi, ambalo ni miongoni mwa makusudio makuu matano ya sheria, na katika hilo anayeulizwa ni mwenye ujuzi wa maji, kama vile katika maradhi anavyoulizwa tabibu.

Upande wa pili wako wanaolalamika kwamba harufu ya klorini inaharibu udhu. Haiharibu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, mageuko madogo yasiyoyaondolea maji jina lake hayadhuru, na hakuna mtu anayeliita tanki lenye miligramu moja ya klorini kwa jina jingine lolote isipokuwa maji. Ule uvumi mwingine, kwamba dawa ya maji imetiwa vitu vya kuzuia uzazi, hauna msingi wowote, na laiti tungeacha kuusambaza vibarazani.

Malalamiko haya ya harufu yana hatari yake. Huko Kanada, katika mji mdogo wa Walkerton wenye watu wapatao 5,000, wakazi walikuwa wakilalamika kwamba maji yananuka dawa, na wasimamizi wa maji, ndugu wawili waliozoea kuyanywa bila dawa, wakaona hakuna ubaya kupunguza. Kwa miaka walitia klorini pungufu, na daftarini wakaandika 0.5 au 0.75 bila kupima. Mwezi Mei 2000 mvua kubwa ikasomba samadi ya shamba hadi katika kisima kimoja. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,300 waliugua. Tume ya Jaji Dennis O'Connor ilipoyachunguza madaftari yale, tarakimu zilizorudiwa kila siku ndizo zilizofichua mambo. Ndugu wale walikiri kosa mahakamani mwaka 2004. Kanada ni nchi tajiri, yenye maabara na sheria. Nilipolisoma lile daftari la Mfaranyaki nilihisi baridi mgongoni, kwa kuwa tarakimu ilikuwa ile ile.

Tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akautia mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini ilhali juu pakavu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, kisha akawatenga waghushi na umma wake. Mvua haikuwa kosa la yule muuzaji. Kosa lilikuwa kuificha. Vivyo hivyo vidonge vya kupimia kuisha si dhambi, kwani vinaisha kila mahali, na kuvipata hapa kwetu kuna adha. Lakini siku visipokuwepo, daftari liandikwe “hakikupimwa”, na mwenye mali aamue kama siku hiyo atauza au atayachemsha maji yote, ya kuongezea na ya kusuuzia.

Kwa wenye viwanda vidogo, na Mfaranyaki wako wengi, wa unga wa lishe, maandazi, karanga na asali, nina machache ya kuongeza kutokana na niliyoyaona siku ile na niliyoelezwa baadaye na fundi wa maji. Poda ikae katika chombo chenye mfuniko, mahali pakavu na pa baridi, mbali na mafuta na mbali na asidi ya kusafishia vyoo, kwani klorini ikikutana na asidi hutoa hewa ya sumu. Poda hukorogwa kwanza katika ndoo ya maji, ikatuama, kisha maji yake ya juu ndiyo yamiminwe tankini. Ndoo ya kusafishia meza na vyombo, ambayo hutiwa klorini nyingi, miligramu 50 hadi 200 kwa lita, iwe na rangi yake na isikaribie kabisa maji ya kuongezea juisi. Anayechuja maji kwa mkaa ajue kwamba mkaa huondoa klorini, hivyo maji yaliyopita hapo hayana tena mlinzi na yasilazwe. Kipimo kichukuliwe kwenye bomba la ndani, pale maji yanapotumika, asubuhi kabla ya kazi na kila tanki linapojazwa. Kidonge cha DPD kikigeuza maji kuwa ya waridi, rangi hulinganishwa na kadi na tarakimu husomwa. Ni kazi ya dakika mbili.

Gharama ya vidonge inamwelemea mmoja, sikatai. Mimi sioni sababu ya kila mmoja kununua boksi lake. Wenye viwanda 5 au 6 wa mtaa mmoja wakichanga, kifaa kimoja na boksi moja vinawatosha kwa muda mrefu, na kamati ya msikiti ingeweza kuwa mahali pa kukitunza, kwa faida ya wote, Waislamu na jirani zetu Wakristo wanaonunua juisi ile ile. Wakaguzi nao, wa Shirika la Viwango na wa halmashauri, wakikuta safu ya 0.5 isiyoyumba mwezi mzima, ingefaa waitilie shaka kuliko kuisifu. Maji ya kweli hupanda na kushuka, leo 0.4, kesho 0.7, siku ya mvua 0.1.

Tulipima siku ile ile, kwa kidonge nilichoazima kwa rafiki yangu anayefanya kazi ya maji. Bomba la ndani halikuonyesha hata dalili ya waridi. Yule mama alinyamaza kitambo, kisha akamwambia kijana: “Mwanangu, andika sifuri.” Kijana akasita, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake wa kazi, akaandika. Tanki lilimwagwa jioni ile, likasuguliwa tope lake, na chupa 140 zilizokwisha jazwa hazikwenda sokoni. Poda mpya ilinunuliwa Jumatatu. Siku ya pili ya mfungo nilipita tena nikalifungua daftari: 0.6, 0.3, 0.5, halafu mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu nyingine, “umeme ulikatika, hakikupimwa, hatukuuza.”