Manjano kwa kichanga: Yalianza lini?

Kichanga akionekana wa manjano, ushauri wa kwanza nyumbani huwa ni kumtoa nje apate jua la asubuhi. Wengi hupona na jua likasifiwa. Ukweli ni kwamba wengi wao wangepona hata bila jua, na wachache wanaohitaji tiba hucheleweshwa.

Hali hii si homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Rangi hiyo ni bilirubini, masalia ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika. Ini ndilo huiondoa, lakini ini la kichanga bado changa. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto hupata manjano, hasa njiti. Kwa kawaida huanza siku ya pili au ya tatu na kwa mtoto aliyetimiza miezi huisha ndani ya wiki mbili.

Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, si ya kawaida. Huenda damu ya mama na ya mtoto hazipatani, mathalani mama ni kundi O na mtoto A au B, au mtoto ana maambukizi.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, mzazi amtazame kwenye mwanga wa mchana: weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano huanzia usoni yakishuka. Yakifika viganjani au nyayoni ni hatari, hata mtoto awe na umri gani. Hata hivyo, jicho hukadiria tu. Kiwango halisi huonyeshwa na kipimo.

Hospitalini mtoto huvuliwa nguo, hufunikwa macho na kulazwa chini ya taa za mwanga wa bluu, huku akiendelea kunyonya. Kunyonya mara nane hadi 12 kwa siku husaidia, kwa kuwa bilirubini hutoka kwa choo. Ikizidi sana hupenya kwenye ubongo na kuacha uziwi au mtindio wa ubongo.

Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo iwapo:

• Manjano yameanza siku ya kwanza au yamefika viganjani au nyayoni.

• Ananyonya kwa shida, amelegea, ana homa au degedege.

• Choo ni cheupe kama chokaa na mkojo umekolea. Huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji hufaa zaidi kabla ya siku 60.

Yakipita wiki mbili pia apimwe, hata kama ananyonya vizuri.