Hakuna “Mara Moja” kwa Paka

“Mwache azae kwanza, hata mara moja tu, ndipo umhasi.” Maneno haya nimeyasikia Kayanga wilayani Karagwe, nimeyasikia Nkwenda wilayani Kyerwa tukisubiri kahawa ipimwe, na siku moja niliyasikia kwa mtu niliyetarajia ajue zaidi, maana sindano ilikuwa mkononi mwake. Husemwa kwa sauti ya huruma, kana kwamba kumtoa paka kizazi kabla hajaonja umama ni kumdhulumu. Nami niliyasema kwa miaka, kwa sauti hiyohiyo.

Paka wangu wa kwanza wa kike alikuwa wa rangi tatu, na nilimpata akiwa anaenea kiganjani. Jirani aliyenipa alikataa fedha, akapokea kilo mbili za maharage. Mwezi wake wa tano, wiki moja nzima alijigaragaza sakafuni, akainua mkia, akalia usiku kucha. Nikadhani tumbo linamsokota, nikampa maziwa. Paka shume wawili walioanza kupigana juu ya bati usiku huo walielewa kuliko mimi. Miezi miwili baadaye alizaa stoo, juu ya gunia tupu: wanne, macho yamefumba, mmoja mweusi tii. Nikajisemea kwamba basi, ile mara moja imetimia. Watoto wakiacha kunyonya nampeleka kwa daktari. Hawajaacha kunyonya, tumbo likawa limeshajaa tena.

Tatizo la msemo wetu ndilo hilo. Unachukulia kwamba paka ana kituo kati ya uzazi mmoja na mwingine, kama mwanamke anayenyonyesha akapumzika. Hana. Paka huanza kutafuta dume akiwa na miezi minne hadi sita. Yai lake halisubiri tarehe. Hushuka kwa sababu ya tendo lenyewe la kupandwa, ndiyo maana mara nyingi anayepandwa hushika. Mimba huchukua siku 63 hadi 65 hivi. Wiki chache baada ya kuzaa anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Hesabu kwa vidole: aliyezaliwa mwanzoni mwa Januari anashika mimba Juni, anazaa Agosti, anashika tena Septemba au Oktoba, anazaa Desemba. Januari inayofuata mabinti zake wa Agosti wametimiza miezi mitano na wanajigaragaza sakafuni kwa zamu yao. Mwenye nyumba bado anasubiri nafasi nzuri ya kumpeleka mama yao.

(Kuna mabango ya kizungu yanayodai paka mmoja na uzao wake huweza kuleta paka 420,000 kwa miaka saba. Msiyaamini. Hiyo ni hesabu ya mezani iliyosahau mafua, minyoo, mbwa na pikipiki. Hoja yetu haihitaji chumvi hiyo. Wanane kwa mwaka mmoja wanatosha kuijaza stoo.)

Na hapa kwetu hali ni kali zaidi kuliko huko mabango yanakoandikwa. Jike la paka huongozwa na urefu wa mchana. Ulaya, siku zinapokuwa fupi, mwili wake hunyamaza kwa miezi kadhaa hadi mwanga urudi. Karagwe na Kyerwa ziko nyuzi moja na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili Januari, na ni saa kumi na mbili Julai. Hakuna msimu unaomwambia paka wa Omurushaka apumzike. Anayesoma ushauri wa ng'ambo kwamba bado upo muda hadi majira yajayo asome pia ramani.

Wanaoutetea msemo husema uzazi wa kwanza hutuliza tabia na hulinda afya. Kuhusu tabia, sijawahi kuona ushahidi wowote isipokuwa kwamba mama mwenye watoto wanne ana kazi nyingi. Kuhusu afya, ukweli umesimama upande wa pili kabisa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwalinganisha paka wenye saratani ya matiti na wasio nayo: waliotolewa kizazi kabla ya miezi sita walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 91, na waliotolewa kabla ya mwaka mmoja asilimia 86. Kadiri unavyongoja, ndivyo kinga inavyoyeyuka. Uvimbe wa matiti kwa paka si jambo la kupuuza, kwani mara nyingi huwa wa saratani hasa. Ukimtoa kizazi umeondoa pia usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua majike watu wazima kimyakimya huku mwenyewe akidhani paka amekuwa mvivu wa kula.

Basi ni lini? Wengi wa wataalamu hutaja miezi sita, na namba hiyo imekuwa kama amri. Asili yake ni mazoea tu, ya zama ambazo dawa za usingizi zilikuwa za kuogopesha kwa mnyama mdogo. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Marekani lilikaa kulitazama suala hili likapendekeza paka wa nyumbani wahasiwe kabla ya kutimiza miezi mitano, na mwaka uliofuata chama cha madaktari wa mifugo cha nchi hiyo kikaliunga mkono. Uingereza wengi wamesogea hadi miezi minne. Kwenye vituo vya kulelea paka huhasiwa hata wa miezi miwili, mradi ametimiza kilo moja na hana ugonjwa. Mdogo ana mafuta kidogo tumboni, mishipa yake ni myembamba, damu inayotoka ni kidogo, na jioni ya siku hiyohiyo anataka kucheza. Mtu mzima aliyezaa mara tatu ndiye anayemtoa daktari jasho.

Mimi nashika miezi minne. Ni baada ya chanjo za mwanzo, kabla ya kilio cha kwanza. Anayekohoa, aliyevimba tumbo kwa minyoo au asiyefikisha kilo, subiri apone, umlishe. Huko ndiko kungoja kwenye maana. Na usimfungishe tangu jana yake kama unavyoambiwa kwa ng'ombe, maana kipaka aliyekaa usiku kucha bila chakula huishiwa sukari mwilini. Saa tatu au nne zinatosha. Akirudi, mweke penye joto. Asubuhi za Kayanga mnazijua.

Kinachonishangaza ni kwamba mfugaji wa wilaya hizi hahitaji kufundishwa jambo hili. Analijua, ila kwa wanyama wengine. Mtamba wake akipata joto kabla hajakomaa, humfukuza dume kwa fimbo, kwa kuwa anajua mimba ya mapema humdumaza. Beberu wa kunenepeshwa humhasi akiwa mdogo, wala hasemi aache mbegu kwanza. Shambani, mgomba ukitoa machipukizi saba haendi kulala akisema yazae kwanza mikungu. Huacha mama, binti na mjukuu, mengine anayaondoa yangali machanga, kabla hayajashika mizizi na kunyonya shina. Halafu mtu huyohuyo anamtazama kipaka wa miezi mitano, mwenye nyonga nyembamba kama kalamu, amebeba mimba, na anatabasamu.

Hofu iliyojificha nyuma ya huruma hii ni panya. Hapa paka si pambo la kochi. Ni mlinzi wa mahindi na maharage. Nayo ni haki. Jirani zetu wa Kiziba waliwahi kuuawa na tauni, daktari wa Kijerumani Robert Koch akaandika habari zake mwaka 1898, na wenyeji walikuwa wameshajua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, nyumba inahamwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama paka aliyehasiwa atawinda, simcheki. Atawinda. Uwindaji haukai kwenye korodani wala kwenye kizazi. Kipaka huupata kwa mama yake, anayemletea kwanza panya aliyekufa, kisha aliye nusu mfu, kisha mzima amkamate mwenyewe. Masomo hayo huchukua wiki kadhaa, mwezi wa pili hasa. Sisi tunamchukua akiwa na mwezi mmoja “azoee nyumba”, tunamkatisha shule, halafu akishindwa kazi tunamlaumu daktari. Kunenepa, naam, atanenepa ukimjazia ugali kama zamani, kwa kuwa mwili wake sasa unahitaji chakula kidogo zaidi. Punguza.

Madume yana hadithi yao. Mwanamume akisikia neno korodani hukunja miguu, na mjadala huishia hapo. Lakini dume asiyehasiwa ndiye anayelala nje siku nne, anayerudi na jipu shavuni, anayeambukizwa kwa meno ya wenzake virusi vinavyoua kinga ya mwili, na anayekutana vichakani na wanyama wenye kichaa. Upasuaji wake ni wa dakika chache na kidonda hakihitaji hata uzi. Wa dakika chache kwa daktari mwenye dawa ya usingizi, nasisitiza. Niliwahi kumwona mzee amemtumbukiza paka kichwa chini ndani ya gambuti, wembe mkononi, mjukuu ameshika miguu. Kile kilio sitakisimulia. Na wale wanaowachoma majike sindano za uzazi wa mpango za binadamu, waache leo: homoni hizo huleta usaha wa kizazi na uvimbe wa matiti, yaleyale tunayoyakimbia.

Sijifanyi kwamba imani pekee ndiyo kikwazo. Bwana mifugo wa kata zetu amefundishwa ng'ombe na mbuzi, siku yake inakwenda kwenye chanjo na uhimilishaji, na gharama ya upasuaji huzidi kwa mbali kilo mbili za maharage nilizompatia paka wangu. Mtu wa Murongo hatapanda gari hadi Bukoba na paka kwenye tenga. Ila huduma haiji pasipo wa kuiomba, na anayeamini kuwa paka lazima azae kwanza haombi. Kila mwaka, karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mahali pengi watu hupanga foleni na mbwa wao kuchanja. Kwa nini foleni hiyo isiwe na matenga ya paka, na meza moja ya upasuaji chini ya turubai, nyumba ishirini zikichangia safari moja ya daktari? Diwani anayetafuta jambo jipya la kusema, hili hapa.

Wale wanne wa kwanza niliwagawa. Watano waliofuata nilipata nyumba ya wawili. Waliobaki nilivyowafanya nimewaambia watu wachache, na si kwenye gazeti. Wengi hapa hutumia kiroba: kinafungwa, kinaachwa alfajiri karibu na gulio au kwenye mtaro wa lami ya Kyaka hadi Bugene, kinacheza kidogo kisha kinatulia. Tumewahi kupita wote tukijifanya hatukusikia.

Paka niliye naye sasa alihasiwa na miezi minne na siku sita. Alirudi kwa bodaboda ndani ya tenga la kuku, akala dagaa jioni, akamparura fundi cherehani wangu siku ya tatu. Jirani yangu, yule wa maharage, hajanisamehe. Juzi alisimama mlangoni akamtazama amelala juani, akatikisa kichwa.

“Maskini, Mwalimu. Hatajua utamu wa mtoto.”

“Na wale wa kwako wa mwezi uliopita, mama, wako wapi?”

Akageuka kuitazama migomba, akaniuliza kama bei ya kahawa imeshatangazwa.