Fuwele za perovskaiti: Jicho jipya la mwanga lenye deni la risasi

KATIKA miaka ya karibuni wanasayansi wa nchi mbalimbali, China ikiwa mstari wa mbele, wamekuwa wakitengeneza vihisio vya mwanga kwa fuwele za perovskaiti, jamii ileile iliyopata umaarufu baada ya watafiti wa Japani kuitumia katika seli za umeme wa jua mwaka 2009. Vihisio hivyo havipimi wingi wa mwanga pekee, bali hutambua pia uelekeo ambao mawimbi yake hutikisika, yaani polarizesheni. Swali ni je, manufaa yake yanazidi hatari iliyomo?

Jicho la binadamu kwa kawaida haliioni tofauti hiyo. Nyuki huiona: Karl von Frisch alibainisha mwaka 1949 kuwa wadudu hao huitumia angani kujua njia. Kwa kamera, uwezo huo una thamani kubwa. Mng'ao unaoakisiwa na maji, kioo au lami iliyolowa huwa na polarizesheni, hivyo chombo kinachoitambua kinaweza kuutenganisha na sura halisi ya kitu.

Silikoni ya kawaida haina uwezo huo. Mwaka 2018 kampuni ya Sony ilileta kihisio cha silikoni kilichofunikwa vichujio vya nyaya nyembamba mno. Njia hiyo inafanya kazi, lakini kichujio hupoteza takriban nusu ya mwanga wa kawaida. Fuwele za perovskaiti zilizokuzwa kama nyuzi au matabaka hufyonza zaidi mwanga wa uelekeo mmoja kuliko mwingine, hivyo zinaweza kufanya kazi bila kichujio. Aidha, hutengenezwa kutokana na myeyusho, bila tanuri kali.

Hata hivyo, unyevu na joto huziharibu. Zaidi ya hayo, nyingi kati ya zile zenye ufanisi mkubwa zina madini ya risasi katika hali inayoyeyuka majini. Watetezi wake husema kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na betri ya gari. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijitoshelezi.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua gharama ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya kutokana na sumu iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Betri hizo hazikuwadhuru zikiwa ndani ya magari. Madhara yalikuja zilipokuwa taka.

Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2006, umeweka kikomo cha asilimia 0.1 ya risasi katika malighafi za vifaa vya umeme, ingawa kuna misamaha. Watafiti nao wanajaribu bati badala ya risasi, lakini bati huharibika upesi likikutana na hewa.

Kwa hiyo, kabla ya kushangilia jicho hili jipya, watengenezaji waulizwe mapema nani atakayelikusanya likishaharibika, na litapelekwa wapi.