Simu Si Daktari Wako

Msomaji, foleni za hospitali zetu zinachosha, na simu hujibu papo hapo. Kwa hivyo sikulaumu ukiiuliza akili bandia juu ya maradhi yako. Lakini fahamu inavyofanya kazi: imelishwa maandishi mengi mno, nayo hukisia neno lipi lifuate jingine. Ndiyo sababu hukosea kwa ufasaha ule ule inaosemea kweli.

Mnamo 2025 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 60 aliyetaka kuepuka chumvi ya mezani. Baada ya kuiuliza ChatGPT, alinunua kwenye intaneti kemikali iitwayo sodiamu bromaidi, akaila kwa miezi mitatu. Alifika hospitalini akidai jirani anamtilia sumu, kumbe sumu ilikuwa jikoni mwake! Madaktari hao walipoiuliza programu hiyo wenyewe, iliwatajia bromaidi bila kuwauliza wanaitakia nini. Muuguzi yeyote wa zahanati angeuliza hilo kwanza. Basi jibu la simu lipeleke kwake, au kwa mwuza dawa aliyesajiliwa, kabla hujameza chochote.