Marehemu Hazibui Mtaro

Kuna sentensi moja ambayo ukikaa Kitale au Ndalu lazima utaisikia kabla mwaka haujaisha: "Kijana angekuwa hai, hapa hapangekuwa hivi." Inasemwa kwa steji, kwa kinyozi, matangani. Mtu ameruka dimbwi, kiatu kimechafuka, na badala ya kumtaja mwenye kazi ya kuziba hilo dimbwi, anamtaja mtu aliyezikwa 2003. Najua inasemwa kwa mapenzi. Lakini naona hakuna sentensi iliyowafaa viongozi wetu wa leo kama hiyo. Inawapa likizo yenye mshahara.

Hebu tuanze na marehemu wenyewe, maana wanastahili heshima ya kusemwa vizuri. Michael Kijana Wamalwa alikuwa mbunge wa Saboti, kiongozi wa FORD-Kenya baada ya kifo cha Jaramogi Oginga Odinga mwaka wa 1994, na Makamu wa Rais kwa muda usiofika miezi minane. Alifariki London tarehe 23 Agosti 2003, akazikwa Kitale tarehe 6 Septemba. Kabla yake, tarehe 14 Agosti 1992, Masinde Muliro alianguka akafa katika uwanja wa ndege wa Nairobi, naye akitoka London. Mwezi mmoja, mji mmoja, miaka 11 katikati. Ndiyo maana wazee wetu wanaamini kwamba kila tukikaribia meza, mwenye kiti chetu anakufa.

Siicheki hiyo huzuni, ina msingi. Miaka ya tisini, eneo lililopigia upinzani kura lililipa. Wimbo wa Moi na KANU ulikuwa "siasa mbaya, maisha mabaya", na watu waliuelewa bila kufafanuliwa. Mabaraza ya miji yalikuwa chini ya waziri aliyekaa Nairobi. Lami ilikuwa zawadi ya mkubwa kwa mkubwa mwenzake. Katika serikali ya namna hiyo, mtu wenu akifa karibu na Ikulu, barabara yenu imekufa naye. Waliolia 2003 walikuwa wanamlilia mtu, lakini pia walikuwa wanalilia lami.

Sasa, hiyo serikali tuliiondoa kwa kura mwaka wa 2010. Fungua Katiba, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Kuzoa taka na majaa ya taka: kaunti. Taa za barabarani: kaunti. Maegesho na steji: kaunti. Masoko: kaunti. Maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, yale yanayoingia dukani kwa mama wa mitumba kila Aprili: kaunti. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu, sawa, lakini vichochoro na barabara za kaunti zina mwenyewe, na mwenyewe haishi Nairobi. Kitale ina manispaa yenye bodi na meneja chini ya Kaunti ya Trans Nzoia. Ndalu iko Bungoma, ina mwakilishi wake wa wadi ya Ndalu/Tabani. Hawa wote ni watu walio hai. Wana ofisi na wanalipwa.

Na hapa ndipo ile sentensi inapovunjika kabisa. Tuseme Wamalwa amefufuka leo asubuhi na tumemrudishia kiti chake cha Saboti. Mtaro ukiziba, kisheria si kazi yake! Mbunge anatunga sheria, anaikagua serikali kuu, na huku nyumbani tunamwona kwa madarasa na basari za CDF, mfuko ambao sheria yake ilipitishwa mwaka uleule aliofariki. Angeweza kupiga kelele, na alikuwa na ulimi wa kupiga kelele. Lakini saini ya kuleta lori la taka si yake. Tunamdai maiti kazi ambayo hata akiwa hai hangekuwa nayo.

Halafu kuna hadithi ya uyatima. Eti tangu Kijana aende hatuna mtu juu. Hatuna mtu? Ndugu yake, Eugene Wamalwa, amekuwa mbunge wa Saboti, halafu waziri wa Haki, wa Maji, wa Ugatuzi, wa Ulinzi. Ugatuzi! Wizara yenyewe inayohusika na kaunti ilikaa katika nyumba ileile tunayosema imefungwa. Simlaumu kwa mtaro wa Kitale, maana haukuwa wake pia. Nasema tu kwamba watu wa juu tumekuwa nao wa kutosha, na chini bado ni matope. Kumbe shida haikuwa juu.

Kitu tunachopewa kwa wingi ni majina. Hospitali ya rufaa ya Kitale imepewa jina la Wamalwa, na ujenzi wake ulivuta miaka na miaka. Chuo kikuu Kakamega ni Masinde Muliro. Uwanja wa Kanduyi pale Bungoma ni Masinde Muliro pia, na huo ulijengwa upya mbio mbio kwa sababu Madaraka ya 2024 ilikuwa inakuja na Rais angeketi pale. Basi jifunze hapo: kazi inawezekana, ila inafanywa kwa ajili ya mgeni. Jina la marehemu ni rangi ya bei rahisi, unapaka ukutani na hakuna anayeuliza nyuma ya ukuta kuna nini.

Wabukusu wana kumuse. Baada ya mzee wa heshima kuzikwa, mswala kumuse anasimama, anatembea mbele ya watu, anasema historia na anawakanya walio hai. Kazi yake kubwa ni kuwaambia waliobaki waishi vipi. Wanasiasa wameichukua nafasi hiyo. Wanakuja na helikopta, wanamsifu marehemu, wanatukana mpinzani, wanaacha bahasha, wanaondoka kabla vumbi halijatua. Na sisi vijana tunapiga picha za helikopta.

Wengi tunaosoma hapa tulikuwa tunatambaa 2003, au hatujazaliwa. Tumerithi kilio bila kurithi swali. Basi kila Agosti ikifika, kumbuka tarehe nyingine pia. Septemba 1 ndiyo mwisho wa kaunti kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge lake. Aprili 30 ndiyo mwisho wa kupeleka makadirio ya bajeti. Katikati hapo sheria inataka wananchi wasikilizwe. Nenda ukaulize mtaro wa Ndalu uko ukurasa gani. Wakikunyima karatasi, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kukujibu. Andika barua, weka nakala. Mama mboga analipa ushuru wa soko kila siku na anapewa risiti. Hiyo risiti ni deni, na deni hulipwa na aliyepokea pesa.

Kwa hivyo siku nyingine mtu akikuambia "Kijana angekuwa hai", mjibu kwa heshima: pole mzee, lakini gavana yuko hai. MCA yuko hai. Meneja wa manispaa yuko hai, na simu yake inaita. Wamalwa na Muliro walimaliza zamu zao. Waacheni walale. Hawa wengine ndio wa kuamshwa.