Kimondo Kisipite Bila Shahidi

Katika mteremko wa kilima cha Marengi, Mbozi, lipo jiwe la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12. Wataalamu walilitambua mwaka 1930, lakini siku ya kuanguka kwake haijulikani. Hata masimulizi ya wazee hayaitaji. Kinyume chake, kijiwe cha Ivuna, kusini-mashariki ya Ziwa Rukwa, kilikuwa na gramu 705 tu, lakini tarehe yake imeandikwa: 16 Desemba, 1938. Kilikuwa na mashahidi.

Kwa kijiwe hicho, wanasayansi wameliita kundi zima la vimondo adimu jina la Ivuna, kwani vimehifadhi asili ya Jua na sayari zake tangu miaka bilioni 4.5 iliyopita. Mchanga ulioletwa na chombo cha Japani mwaka 2020 kutoka sayari ndogo iitwayo Ryugu umeonekana kufanana navyo. Lakini mawe hayo ni laini, hubomoka yakipata maji. Kama lisingeokotwa mapema, mvua za Desemba zingeligeuza tope.

Funzo ni wazi. Kimondo hudumu sekunde chache. Nuru iendayo taratibu kwa dakika kadhaa ni satelaiti. Imulikayo kwa vipindi ni ndege. Isiyohama upesi ni nyota, au sayari kama Zuhura. Kimondo kikiishinda Zuhura kwa mng'aro, shahidi aandike saa, upande kilikotokea na kilikozimikia, kimo chake juu ya mlima au paa, na muda uliopita kabla ya mshindo kusikika. Maelezo ya mtu wa Majengo peke yake hayatoshi. Yakilinganishwa na ya mtu wa Mbozi, njia ya kimondo hujulikana. Ndivyo ilivyo pia kwa mvuvi wa Pemba na mkulima wa Tanga.

Viongozi wa vijiji na kata nao wana wajibu. Taarifa hizi zisichekwe wala zisiachiwe uvumi wa uchawi. Jina la Sumbawanga lenyewe, kwa Kifipa, latuagiza tuutupe. Jiwe likipatikana lisioshwe wala kuvunjwa. Lihifadhiwe pakavu, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, iarifiwe mara moja. Kipande kikubwa cha Ivuna kiko London. Kitakachoanguka kesho kitunzwe hapa nchini, na vijana wetu wakisome.